Beleshi la Theluji Ni Amana ya Mwenzako

Mpwa wangu mmoja, ambaye riziki ilimchukua ikamfikisha Uswisi, na ambaye, baada ya miaka michache ya kuizoea baridi ya nchi ile, ameanza kufuatana na wenzake wa kazini kupanda milima wakati wa majira ya theluji, aliniandikia barua akiniuliza jambo ambalo mwanzoni nililidhani dogo. "Shikamoo mjomba," aliandika, na baada ya kuuliza hali za wote nyumbani akaendelea: "Nimekwenda dukani kununua beleshi la theluji la kutia ndani ya shanta, nikayakuta yametundikwa ukutani safu kwa safu, na kila moja limeandikwa uzito wake kwa gramu kama dhahabu. Liko la plastiki, jepesi mno, na liko la alumini linalolizidi lile kwa gramu 300 hivi. Wenzangu wananihimiza nichukue jepesi, kwani mlimani, wasema, kila gramu ni adui. Nawe mjomba, uliyeuza zana za chuma tangu sijazaliwa, una shauri gani?"

Ni kweli kwamba nimeuza majembe, mashoka, sururu na mabeleshi katika duka mjini Tanga kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na mipini iliyopita mikononi mwangu siwezi kuihesabu. Lakini mtu wa theluji sikupata kumuuzia kitu, wala sikuthubutu kumjibu kijana haraka haraka. Nilimwomba muhula, nikasoma yaliyoandikwa na wataalamu wa milima ya Alps, nikauliza, nikalinganisha, na jawabu lililonijia likawa refu kuliko barua. Naliandika hapa gazetini kwa sababu mbili: ya kwanza ni kwamba jamaa zetu wanaoishi katika nchi za theluji, Uswisi na Austria, Norway, Kanada na Marekani, si wachache tena, na mwenye kukaa na watu aghalabu hujifunza michezo yao, na ya pili ni kwamba ndani ya swali hili la gramu limejificha swali la dhima, ambalo halingoji theluji ili limfike mtu.

Shauri langu nalitanguliza mbele ili msomaji asilitafute: anayechagua beleshi la theluji kwa kuangalia kwanza wepesi wake amekosea katika kumjua mwenye mali. Vitu vingine vyote vilivyomo ndani ya shanta ya mpanda mlima ni vyake mwenyewe, naye ana hiari navyo. Akichagua koti jembamba, ni yeye atakayetetemeka. Akipunguza maji, ni yeye atakayekauka koo. Akiacha mkate wa pili nyumbani, njaa itakuwa yake. Beleshi haliko katika hesabu hiyo, kwa sababu siku poromoko la theluji litakapomfunika yeye, beleshi lake litakuwa limefukiwa pamoja naye mgongoni, halimfai kitu. Na siku litakapomfunika mwenzake, ndipo beleshi hilo litakapotolewa kufanya kazi liliyonunuliwa. Basi mimi hubeba uhai wako mgongoni mwangu, nawe wabeba wangu, na kila mmoja wetu amemwekea mwenziwe amana ambayo hawezi kuitumia mwenyewe. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakimkanya yule anayeuona mzito mzigo ulio juu ya kichwa chake tu; na sidhani kwamba uko mahali ambapo maneno hayo yamesadifu zaidi kuliko mbele ya ukuta wa duka lile, ambapo mtu huzipima gramu 300 zitakazomwelemea yeye, asizipime kilo elfu zitakazomlalia rafiki yake.

Sisemi kilo elfu kwa kutia chumvi. Msomaji wa pwani aliyeiona theluji katika picha tu huidhani kuwa kitu laini kama huo usufi, na kwa kweli theluji mpya iliyoanguka usiku bila ya upepo hivyo ndivyo ilivyo: mita moja ya ujazo yaweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100, na mtoto huichota kwa sahani. Theluji iliyoporomoka ni kitu kingine. Inaposhuka mlimani chembe zake hugongana, zikavunjika, zikasagana, na zinapotulia bondeni hushikamana upesi na kubanana sana, hata ile iliyokuwa usufi asubuhi ikawa mfano wa zege lililoanza kukauka. Na mita ile ile ya ujazo sasa ina kilo 300, au 400, na pengine 500. Aliyefukiwa humo, awe na nguvu kiasi gani, aghalabu hawezi kuinua mkono wala kugeuza shingo, na pumzi anayoitoa humrudia yeye mwenyewe, kwa kuwa haina pa kwenda. Wengi wanaokufa chini ya theluji hufa kwa kukosa hewa, kabla baridi haijapata wasaa wa kuwadhuru.

Nao wasaa wenyewe ni mfupi kiasi cha kutisha. Mwaka 1994 wataalamu walichapisha hesabu ya watu waliofukiwa na maporomoko nchini Uswisi, na hesabu hiyo ikadhihirisha kwamba waliotolewa ndani ya dakika 15 za kwanza walikuwa hai zaidi ya 90 katika kila 100, lakini kufika dakika ya 35 waliobaki hai walikuwa kama 30 tu. Kwa miaka mingi wapanda milima waliishi na kipimo hicho cha robo saa ya matumaini. Kisha mwaka 2024 ikatoka hesabu nyingine ya huko huko Uswisi, iliyopitia ajali za tangu 1981 hadi 2020, ikaonyesha kwamba neema ile haivuki dakika kumi. Dakika kumi ni muda wa chai kupoa kikombeni. Na katika dakika hizo wenzi wa aliyefukiwa, wale waliosalimika, hawana budi kwanza kutulia, kisha kumtafuta kwa vile vyombo vidogo ambavyo kila mmoja huvaa kifuani, vinavyorusha na kunasa mawimbi ya redio. Kisha kuchoma theluji kwa ufito mrefu wa kukunjua, mfano wa upondo wa dau, hata ncha yake iguse mwili. Na baada ya hayo yote ndipo waanze kuchimba. Wajuzi wa uokozi wanakubaliana kwamba katika kazi hizi tatu, kutafuta, kuchoma na kuchimba, ni kuchimba kunakomeza sehemu kubwa ya wakati, na hali watu wengi hununua chombo cha mawimbi cha bei ghali kwa fahari, kisha wakamalizia kwa beleshi lililo rahisi na jepesi kupita yote dukani, kana kwamba kumjua mtu alipo ndiko kumtoa.

Tufanye hesabu kama tunavyoifanya dukani. Kumfikia mtu aliyelala mita moja chini ya theluji hakutaki kisima chembamba kilichosimama juu yake, kwani kisima hicho kitamporomokea na kuibana ile nafasi kidogo ya hewa aliyonayo. Kwataka njia ya mteremko inayomwendea kwa ubavuni kutoka upande wa chini wa mlima, ili theluji itupwe nyuma na yeye avutwe nje, na njia ya namna hiyo hugharimu kuhamisha tani moja ya theluji na zaidi. Chukua beleshi lenye bapa linalochota lita tatu: katika theluji ya kilo 400 kwa mita ya ujazo, kila mchoto una kilo moja na gramu 200, na tani moja ni michoto 833. Chukua sasa lile dogo lililosifiwa kwa wepesi wake, linalochota lita mbili: mchoto wake ni gramu 800, na tani ile ile ni michoto 1,250. Tofauti ni michoto mia nne na kumi na saba, na dakika kumi zina nukta mia sita tu. Nilipoiandika hesabu hii pembeni mwa barua ya mpwa wangu, niliitua kalamu, kwa maana niliona kwamba swali aliloniuliza limekwisha jibiwa na tarakimu, na kilichobaki kwangu ni kuzieleza.

Na asiwepo wa kusema kwamba waokozi wa serikali watakuja na helikopta na mbwa. Watakuja, na wanaheshimiwa kwa haki, lakini watakuja baada ya dakika kumi kupita. Alasiri ya tarehe 23 Februari 1999 poromoko kubwa lilishuka juu ya kijiji cha Galtür, katika jimbo la Tirol nchini Austria, likaua watu 31 ndani ya majumba na njiani. Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji, hali ya hewa ikazuia helikopta kuruka usiku ule, na waliowachimbua majirani zao walikuwa ni wanakijiji na wageni waliokuwamo humo humo, kwa zana walizokuwa nazo mikononi. Siku iliyofuata poromoko jingine likapiga Valzur, kitongoji cha jirani, likaua saba. Walioishi siku hizo walijua jambo ambalo wavuvi wetu walilijua zamani sana, kwamba chombo kinapoanza kuingia maji baharini, msaada ni yule aliyemo chomboni, na zana ni ile iliyomo chomboni. Sijapata kumsikia nahodha akiisifu kata yake ya kufulia maji kwa kuwa ni nyepesi. Huisifu kwa kuwa haipasuki na inachota.

Sasa nije kwenye sifa za beleshi lenyewe, kwani mahali hapa miaka ya dukani huniruhusu kusema kwa yakini kidogo. Jambo la kwanza ni bapa, nalo na liwe la alumini iliyotiwa ugumu, wala si plastiki. Bapa la plastiki hufaa kuondoa theluji laini mlangoni pa hema. Lakini ukilipiga juu ya theluji iliyoshikamana baada ya poromoko hupinda, likadunda, na nguvu uliyoitia mkononi humalizikia katika kule kupinda, na baadhi yake hupasuka. Kila aliyejaribu kuvunja udongo wa kiangazi kwa jembe lililolegea kwenye mpini anajua habari hiyo bila ya kufika Ulaya: zana inayocheza hula nguvu za mwenye nayo. Bapa na liwe na ukingo wa mbele ulionyooka na mkali kiasi cha kukata, na ukingo wa nyuma uliotandazwa ili kiatu kipate pa kukanyaga, kwa kuwa mguu una nguvu kuliko mkono, na theluji ngumu hukatwa kwanza vipande vipande, kisha ndipo huchotwa.

La pili ni mpini. Mpini mfupi sana, uliofupishwa ili gramu zipungue, humkunja mchimbaji kiunoni hata akachoka kabla ya dakika ya tano. Kwa hiyo na uwe ni wa kurefushwa, wenye vipande viwili vinavyoingiana na kufungwa kwa kifungo ambacho mtu aliyevaa glavu nene aweza kukibonyeza, na wenye umbo la yai, si mviringo kamili, ili usizunguke mkononi. Kishikio cha juu na kiwe kipana cha kuenea mkono wote pamoja na glavu yake. Yako pia mabeleshi ambayo bapa lake hugeuzwa likakaa pembe mraba na mpini, mtu akalitumia kwa kuvuta kuelekea kwake. Na nilipoiona picha yake nilitabasamu kwa furaha, kwa sababu watengenezaji wa Ulaya, kwa njia yao wenyewe na kwa haja yao wenyewe, wamelifikia jembe, ambalo mababu zetu walilijua tangu zamani kuwa ndiyo zana ya kuhamishia kitu kizito pasipo kukiinua. Nalo linafaa hasa kwa yule wa nyuma, aiondoaye theluji ambayo wa mbele ameikata.

La tatu ni ukubwa wa bapa, na hapa pana wastani: dogo mno halichoti, na kubwa mno huwa mzigo ambao wasio na misuli mikubwa hawawezi kuurudia mara mia nane. La nne ni ushahidi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, ambalo hujulikana kwa herufi UIAA, limeweka kiwango maalumu cha mabeleshi ya uokozi, nambari 156, ambacho hupima nguvu ya bapa, mpini na viungo vyake. Na mnunuzi asiyejua alumini wala kaboni aweza kuuliza swali moja tu, kwamba beleshi hili limepimwa na kukubaliwa kwa kiwango hicho au halikupimwa. Baada ya masharti haya manne kutimia, na hapo tu, ndipo mizani iletwe, na kati ya mabeleshi yaliyofaulu mtu achague lililo jepesi kupita mengine. Maana wepesi ni sifa njema inapokuja nyuma ya nguvu.

Mabeleshi haya hutokea kuwa na uzito wa kama gramu 400 hadi 900, na aliye na busara hatastaajabu kusikia kwamba kazi yake si uokozi peke yake. Kabla ya kulikata pande la mlima lenye shaka, wajuzi huchimba shimo, wakaisoma theluji tabaka kwa tabaka kama mtu asomavyo kuta za kisima. Kisha hutenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kwa 30, wakalaza bapa la beleshi juu yake na kulipiga kwa mkono: mara kumi kwa kuchezesha kifundo cha mkono tu, mara kumi kwa kuchezesha kiwiko, na mara kumi kwa nguvu ya bega. Na ile hesabu ya pigo ambalo nguzo huvunjika ni mojawapo ya dalili zinazowaonya kwamba chini ya uzuri ule kuna tabaka dhaifu linalongoja mguu wa mtu. Nao ni ukweli unaojulikana kwamba wengi wanaofukiwa hufukiwa na poromoko walilolisababisha wao wenyewe au wenzao. Kwa hiyo beleshi lile lile la kumtolea mtu ndilo linaloweza kumzuia asiingie, na katika mambo ya mauti kinga haina bei.

Fauka ya hayo, beleshi ni nyumba. Tarehe 28 Februari 1967 Art Davidson, Dave Johnston na Ray Genet walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Denali, mlima wa mita 6,190 ulioko Alaska, katika majira ya baridi. Na walipokuwa wakishuka, tufani ikawafungia juu kule, wakajificha ndani ya pango walilolichimba, wakakaa humo siku sita kabla ya upepo kuwapa ruhusa ya kuteremka, nao wakateremka hai. Theluji, kwa ajabu ya Muumba, ina hewa nyingi iliyofungiwa baina ya chembe zake, na hewa hiyo huzuia joto lisitoke, hata pango lililochimbwa vizuri likakaa karibu na nyuzi sifuri ilhali nje pana baridi ya kukata masikio. Lakini pango halijichimbi, na tundu lake la hewa huzibwa na theluji inayoendelea kuanguka; ndiyo sababu waliofundishwa vyema huingia na beleshi ndani wakalala nalo, wasiliache mlangoni, ili asubuhi wasijikute wamezikwa katika nyumba yao wenyewe.

Hoja ya wale wanaopenda wepesi siidharau, na kwa insafu nitaieleza kwa nguvu zake. Wanasema kwamba mzigo mzito humpunguzia mtu mwendo, na mlimani mwendo ni usalama, kwani anayechelewa hukutwa na jua la mchana lililolegeza theluji. Na wanasema kwamba beleshi jepesi lililomo ndani ya shanta ni bora kuliko beleshi imara lililoachwa nyumbani. Maneno hayo ni ya kweli yote mawili. Mimi ni mtu wa nchi ya Kilimanjaro, ambako mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani langoni na mpaka wake ni kilo 20, na najua kwamba hakuna aliyebeba mzigo mlimani akaufanyia dhihaka uzito. Nakiri pia kwamba ziko safari zisizohitaji beleshi la uokozi: anayepanda Kilimanjaro kwa njia za kawaida hana haja nalo, na anayekwenda juu ya barafu tambarare akitaka tu kusawazisha mahali pa hema aweza kuridhika na jepesi. Lakini hoja yao inasimama mahali ilipopaswa kuendelea. Ikiwa mwendo ni usalama, basi uzito na utolewe katika vitu ambavyo hasara yake inamrudia mwenye kuvitoa. Gramu 300 ni chini ya theluthi moja ya lita ya maji. Ni kamera ya pili, ni kisu chenye vifaa kumi na viwili ambavyo vitatu tu hutumika, ni nguo ya akiba ya akiba. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza vilevile. Ila mwenye kupunguza na aanze na kibaba chake, asianze na cha jirani.

Iko hoja nyingine ambayo haisemwi waziwazi, nayo ndiyo naiogopa zaidi. Mtu hununua beleshi akiamini moyoni kwamba hatalitumia, na kwa kweli wengi hawalitumii maisha yao yote, Mungu apishe mbali. Kwa sababu hiyo beleshi hugeuka kuwa kitu cha kutimizia sharti: kiongozi wa msafara ameagiza kila mmoja awe nalo, basi kila mmoja huwa nalo, na lililo jepesi huonekana kuwa ndiyo hekima, kwa kuwa ni kitu kisichofanya kazi. Lakini amana haipimwi kwa uchache wa siku inayodaiwa. Mwenye kuwekewa fedha na mwenziwe kwa miaka thelathini, akazitoa siku moja zikiwa pungufu, hatajitetea kwa kusema kwamba siku nyingine zote hakuna aliyeziulizia.

Nisije nikaeleweka kwamba zana peke yake inatosha. Beleshi bora mikononi mwa watu watano wasiojua kupangana huwafanya wagongane viwiko. Mswisi Manuel Genswein, ambaye ameshughulika sana na mafunzo ya uokozi, aliwafundisha watu kujipanga kwa umbo la ndege warukao safarini, mmoja mbele karibu na aliyefukiwa na wengine wakitawanyika nyuma yake pande mbili, huyu akikata na hawa wakisukuma theluji nyuma katikati yao, na kila baada ya muda wakibadilishana nafasi kabla wa mbele hajachoka. Na jambo lililonigusa ni namna ya kuisukuma: hawainyanyui ile theluji kuitupa juu ya bega, kama wafanyavyo wachimbaji wa mitaro, huiburura kandokando kwa mkono wa nguvu, kama mvuvi apigavyo kafi. Kijana wa Tanga aliyepiga kafi utotoni, basi, hakuenda Uswisi mikono mitupu. Mambo haya hufundishika kwa siku moja tu ya mazoezi mwanzoni mwa majira, na aliyetumia fedha kununua beleshi na asitumie siku hiyo, amenunua kalamu pasipo kujifunza kuandika.

Kwa wenye maduka ninalo ombi, nami nilikuwa mmoja wao kwa namna yangu. Mkiandika uzito wa beleshi kwa tarakimu kubwa na mkaficha ugumu wake katika maandishi madogo, mnamfundisha mnunuzi kuuliza swali lililo dogo. Liandikeni pia la kiwango, liandikeni bapa limefanywa kwa kitu gani na linachota kiasi gani, na yale ya plastiki yatengeni kando, mkisema wazi kwamba ni ya hema na njia, si ya kumchimbulia mtu. Dukani kwetu mteja aliyetaka beleshi la kuchotea mchanga laini na yule aliyetaka la kuchimbia kifusi hatukuwapa kitu kimoja, hata kama bei ilitupendeza, kwa kuwa tulijua watarudi mtaani kwetu. Mteja wa mlimani huenda asirudi, na hilo lingepaswa kuongeza uaminifu, lisiupunguze.

Mpwa wangu nilimwandikia haya kwa muhtasari, naye akanijibu kwamba amenunua la alumini, lenye mpini wa kurefushwa, na kwamba amelitia ndani ya shanta, si nje, ili lisipokonywe na matawi wala na theluji yenyewe. Nilimshukuru, kisha nikamwomba jambo moja la mwisho, ambalo ndilo lililonijia baada ya kufikiri kwangu kote. Nilimwambia kwamba beleshi alilolinunua ni zuri, lakini si hilo litakalomchimbua yeye. La kumchimbua yeye limo ndani ya shanta ya mwenziwe, naye hajaliona. Basi asubuhi ya safari, kabla ya kuvaa glavu, kila mmoja na atoe beleshi lake ampe mwenziwe alishike, aukaze mpini, alikanyage bapa kwa kiatu chake na kulikandamiza katika theluji ngumu ya njiani; na ikiwa aliyelishika haridhiki nalo, aseme hapo hapo, kwa adabu na pasipo haya, kwa maana ameshika mikononi dakika zake kumi.